Kurasa 48 za maroboti: ni kitabu cha mtoto mvivu?

Mwanzoni mwa muhula, mwalimu wa Kiswahili wa mpwa wangu aliweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi picha ya kijitabu alichotaka watoto wakisome. Jaladani mvulana amesimama kando ya kisima, na ndani ya kisima kuna kitu kinawaka. Kurasa 48. Haikupita nusu saa, mzazi mmoja akaandika: "Darasa la sita, kurasa 48 za maroboti? Hiki si cha chekechea?" Wa pili akauliza kama maroboti yatatoka kwenye mtihani. Wa tatu alikuwa na hofu nyingine: habari za viumbe kutoka angani zisije zikawa ushirikina uliovishwa suti. Mwalimu akajibu kwa upole, "Wazazi wangu, tutaongea kwenye kikao." Kikao, kama mnavyojua, kiliishia kwenye mchango wa uji.

Maswali yale sikuyasikia pale tu. Dada yangu naye alinipigia simu jioni ileile, maana mimi ndiye mjomba anayesoma vitabu, akataka nimwambie kama mwanawe anapunjwa. Nilianza kumjibu kwa simu, salio likaisha. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Kwanza jina. Hadithi za kisayansi, au bunilizi za kisayansi kama wanavyoziita walimu wa fasihi, si vitabu vya kufundishia sayansi. Ni hadithi za kubuni ambazo ndani yake kuna jambo ambalo bado halijatokea, au halipo, lakini mwandishi analichukulia kama lina maelezo. Tofauti yake na ngano inaonekana vizuri kwenye ungo. Bibi alipotuambia mchawi amepaa na ungo usiku, hakuna aliyeuliza ungo ule unatumia mafuta gani. Ukiuliza umeharibu hadithi, na pengine umechapwa kofi. Kwenye hadithi ya kisayansi, swali hilo ndilo linaloiwasha hadithi. Ungo unapaa? Unapaaje? Nani aliutengeneza? Ukiishiwa nguvu juu ya milima ya Uluguru utatua wapi? Majibu yanaweza kuwa ya kubuni kabisa, lakini lazima yawepo, na yakishatolewa mwandishi hana ruhusa ya kuyavunja. Akisema ungo unatumia nguvu ya jua, basi usiku haupai, na wachawi wote wahamie zamu ya mchana.

Nadhani mzazi wa tatu amepata jibu lake hapo. Ushirikina hautaki kuulizwa. Hadithi hizi zinaishi kwa kuulizwa.

Je, sayansi yenyewe lazima iwe sahihi? Si lazima. Mwaka 1865 Jules Verne wa Ufaransa aliandika juu ya watu waliorushwa kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa uliochimbiwa ardhini kule Florida. Mzinga wa namna ile ungewaponda abiria wake kabla hata hawajatoka mdomoni. Hata hivyo, mwaka 1969 chombo cha Apollo 11 kiliondokea Florida hiyohiyo, na safari hii watu walifika. Hadithi ilikosea injini, ila ilikuwa imeuliza swali zuri miaka zaidi ya 100 kabla.

Sasa tuje kwenye ufupi, maana hapo ndipo kelele zilipokuwa nyingi.

Mtoto asiyependa kusoma hutajwa kana kwamba ni mtoto wa aina moja. Yupo anayesoma polepole kwa sababu hajapata mazoezi ya kutosha. Yupo mwenye disleksia, hali ya kuzaliwa nayo ambayo huyafanya maneno yawe magumu kuyatambua ingawa akili yake haina kasoro yoyote. Na yupo anayesoma vizuri tu, lakini kila kitabu alichowahi kupewa kilimhubiria atii wazazi na anawe mikono. Huyu wa mwisho hana tatizo la kusoma. Ana tatizo la kuchoshwa, na mimi niko upande wake.

Kwa wote hao kuna jambo moja la kuelewa: kila kitabu kina umri wa aina mbili. Kuna umri wa lugha, yaani maneno na sentensi zake zinamfaa msomaji wa kiwango gani. Na kuna umri wa hadithi, yaani mambo yanayosimuliwa yanamgusa mtu wa miaka mingapi. Kwa kawaida umri huu na ule hupanda pamoja. Taabu huanza pale mtoto wa miaka 13 anaposoma kama mtoto wa miaka minane. Ukimpa kitabu kinacholingana na usomaji wake, anakutana na sungura amevaa kofia. Ni sawa na kumvalisha kijana wa sekondari kaptula ya darasa la pili: hata kama kiuno kinapita, hatatoka nje nayo. Ukimpa kitabu kinacholingana na umri wake, anazama ukurasa wa pili.

Vitabu vifupi vya mikasa ya kisayansi, vile vilivyoandikwa kwa makusudi, vinautenganisha umri wa lugha na umri wa hadithi. Hadithi inakuwa ya kijana wa miaka 13, yenye hatari, usaliti, kifo hata, na lugha inabaki ya mtoto wa miaka minane. Kwa hiyo kurasa 48 si kipimo cha akili ya msomaji. Ni kipimo cha pumzi yake.

Pumzi kwa maana gani? Fikiria umetumwa maji na ndoo iliyotoboka. Kama kisima kiko karibu, unafika nyumbani na maji. Kikiwa mbali, unafika na ndoo. Msomaji wa polepole ana ndoo ya namna hiyo kichwani: kila neno linamchukua nguvu na muda, na anapofika mwisho wa sentensi ndefu, mwanzo wake umeshavuja. Hajashindwa kuelewa, amechelewa kufika. Sentensi fupi, sura fupi na kitabu chembamba vinakisogeza kisima.

Miongoni mwa waliolishika jambo hili kama biashara ni Barrington Stoke, wachapishaji walioanzia Edinburgh, Scotland, mwishoni mwa miaka ya 1990. Vitabu vyao ni vyembamba, karatasi yake si nyeupe ya kung'aa bali ina rangi ya maziwa mtindi ili isiumize macho, mistari imeachana, na waandishi wake ni watu wazima wenye majina yao, hawakuokotwa. Wana pia herufi zao maalumu, ingawa hapo ningesema tusishangilie sana. Utafiti juu ya herufi maalumu za disleksia haujaonyesha faida iliyo wazi. Nafasi pana kati ya herufi ina ushahidi mzuri zaidi. Mzazi asitumie fedha kutafuta herufi za ajabu wakati anaweza kutafuta kitabu kisichobanana.

Kabla yao, Marekani ilikuwa na njia nyingine. Edward Packard, mwanasheria, alikuwa akiwasimulia binti zake hadithi za kulala, siku moja akaishiwa, akawauliza wao mhusika afanye nini. Kila mmoja akaja na jibu lake. Hapo ndipo alipopata wazo la vitabu ambavyo msomaji huitwa "wewe" na kila baada ya kurasa chache anaambiwa achague: ukiingia pangoni nenda ukurasa huu, ukikimbia nenda ule. Mfululizo uliotokana na wazo hilo ulianza kutoka mwaka 1979, ukajaa safari za wakati na za anga, na watoto waliokuwa wakikimbia vitabu wakawa wanasoma kitabu kimoja mara sita ili wafe kwa njia sita tofauti.

Lakini kwa nini sayansi? Kwa nini isiwe mpira, au mapenzi, au majambazi? Inaweza kuwa yote hayo. Tena niseme ukweli ambao wapenzi wa hadithi hizi hawapendi kuusikia: hadithi ya kisayansi inaweza kuwa mbaya kuliko zote kwa msomaji mchovu. Inakuja na majina ya sayari, majina ya mashine, majina ya viumbe na vita vilivyopiganwa miaka 300 kabla ya ukurasa wa kwanza. Mtoto anayehangaika na maneno yaliyopo unamwongezea yasiyokuwepo! Wanaoziandika vizuri hujiwekea mpaka: kitu kipya kimoja tu. Kila kingine kiwe cha kawaida, shule, soko, mama anayefoka. Kitu kimoja tu kimebadilika, na hadithi nzima inakizunguka.

Mpaka huo ukilindwa, kunatokea jambo ambalo aina nyingine za hadithi hazina. Mbele ya kitu kisichokuwepo duniani, wote darasani ni wageni. Wa kwanza na wa mwisho hawajui kile kinachowaka kisimani ni nini. Mtoto aliyezoea kuwa nyuma anaanzia mstari mmoja na wenzake, na kwa kuwa swali ni la kukisia, kisio lake lina thamani ileile.

Hapa ndipo wengi wanapodhani kazi imekwisha: tuchukue vile vya Waingereza, tuvitafsiri. Haiendi hivyo, na sababu iko ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kiingereza hupimwa wepesi kwa kuhesabu maneno na urefu wake. Neno fupi ni jepesi, refu ni gumu. Kwetu "hatukumwambia" ni neno moja, refu, na mtoto wa miaka mitano analitamka akicheza. Mwingereza anahitaji maneno matano kusema hilohilo. Ukikipima kitabu cha Kiswahili kwa rula ya Kiingereza, kila kitabu kitaonekana kigumu kwa urefu wa maneno na chepesi kwa idadi yake, na vipimo vyote viwili vitakuwa vimekosea.

Kuna na mtego mwingine. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi anatiririka, na mzazi anayemsikiliza akiwa jikoni anaridhika: mwanangu anasoma! Mwambie afunge kitabu akusimulie. Wapo wanaotiririka ukurasa mzima, ukiuliza nani alikimbia hawajui. Sauti imetoka, habari haikuingia.

Ugumu wetu umejificha kwenye virejeshi, zile sentensi za "ambaye" na "kilichokuwa kimefanywa" zinazobebana mgongoni kama watoto wa nge. Soma hii niliyoitunga:

"Mara baada ya kitambuzi kilichokuwa kimefungwa juu ya mnara uliojengwa na marehemu babu yake kuanza kutoa mlio ambao hakuna mwanakijiji aliyewahi kuusikia, Neema, aliyekuwa akichota maji kisimani, alishtuka na kuiachia ndoo aliyoishika."

Kisarufi haina kosa. Ni maneno 32, na msomaji anasubiri 22 kabla ya kukutana na Neema. Sasa hii:

"Neema alikuwa kisimani. Mnara ukalia. Akaachia ndoo. Mnara ule haukuwahi kulia tangu babu afariki. Na babu ndiye aliyeujenga."

Maneno 18, na sentensi ndefu kuliko zote ina saba. Angalia kilichotokea. Hakuna kikubwa kilichokatwa, isipokuwa kitambuzi, ambacho hakikuwa na kazi. Ila sasa babu amehamia mwisho, na hapo mwisho anauma: kumbe marehemu alijua mnara utalia? Swali hilo halikuwepo kwenye sentensi ndefu, lilikuwa limezikwa. Lugha imekuwa nyepesi, hadithi imekuwa nzito.

Tena tuna zana ambayo Mwingereza hana, ile "-ka-". Ukalia, akaachia, akakimbia, akajificha. Silabi moja inasema "kisha" bila kuiandika, na inavuta jicho kwenda mbele. Masimulizi ya vibarazani yote yanakwenda kwa "-ka-" hiyo, ndiyo maana hata mtoto aliyechoka na vitabu tayari anaijua kwa sikio.

Zana ya pili ni ngeli. Kwetu "a-" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na watoto watatu wakiwa ukurasa mmoja, "akamwambia akamkatalia" inamchanganya hata mwalimu. Lakini chombo ni "kikatua", mnara ni "ukalia", roboti ni "ikageuka". Mtu anabaki na "a-" yake. Hadithi yenye watu wachache na vitu vingi vya ajabu ni rahisi kuifuata kwa Kiswahili kuliko inavyotazamiwa, kwa sababu silabi ya kwanza ya kitenzi inamnyooshea kidole mtendaji.

Neno "roboti" lenyewe lina kisa. Lilitokea kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Mtu wa Tanga wa enzi za mkonge angelitafsiri bila kufikiri: manamba, wale vibarua wa mashambani.

Nimesikia pia kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Sijui tunasahauje. Mwaka 1951 Shaaban Robert alituchapishia nchi ya Kusadikika, inayoelea angani, ambayo wajumbe wake sita wanatumwa pande sita, hata juu mbinguni na chini ardhini. Haikuwa hadithi ya kisayansi. Ilikuwa hoja juu ya haki na utawala. Ila nchi iliyoning'inia hewani haikumshinda msomaji wa Kiswahili wa miaka ile. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alimpakia Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, kwenye chombo kilichompeleka Walenisi, na ukilitamka jina hilo polepole utajua ni akina nani wanaoishi huko. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzake, alitoa filamu fupi ya dakika 20 na kitu, *Pumzi*, juu ya Afrika Mashariki ya baadaye ambako maji yamekwisha na jasho huchujwa likanywewa.

Na anga halisi haiko mbali na sisi. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, roketi za ushirikiano wa Italia na Marekani ziliruka kuanzia mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kutafuta mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Wavuvi wa Ngomeni, kijiji cha hapo pwani, nadhani waliona moto ukipanda kutoka baharini. Kule Mbozi, mkoani Songwe, kuna kimondo cha chuma cha tani nyingi kilichotoka angani, kimelala pale mtoto anaweza kukigusa. Mwandishi anayelalamika kwamba hana pa kuanzia hadithi ya angani kwa Kiswahili ningempa nauli ya kwenda Vwawa, mji ulio karibu na kimondo hicho.

Kuhusu mtihani sitakaa sana. Maroboti hayatatoka. Kinachotoka ni ufahamu: kipande cha habari, muda mdogo, maswali. Mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja anaingia pale akiwa na ndoo yake iliyotoboka, na hakuna somo la ziada la kuiziba isipokuwa kusoma kwingi. Vitabu vitano vya kurasa 48 alivyomaliza ni kurasa 240. Kitabu kimoja kinene alichoacha ukurasa wa 11 ni kurasa 11.

Usidhani pia kwamba wembamba ni ubahili wa mchapishaji tu, ingawa bei imo. Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, ndiyo maana unakutana na 32, 48 na 64. Kitabu cha ukubwa huo hubanwa kwa pini mgongoni bila gundi, kinafunguka chote kikalala mezani, na kinaingia mfukoni mwa kaptula. Kwa mtoto anayeona aibu kusoma mbele ya wenzake, mfuko ni jambo kubwa.

Ukienda dukani, acha jalada. Mpe mtoto ukurasa mmoja wa katikati, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu ni kizito kwa sasa. Kisha muulize anadhani nini kitatokea baadaye. Akisema "sijui" huku anakurudishia kitabu, kirudishe rafuni. Akisema "sijui" huku anafunua ukurasa unaofuata, lipia.

Yule mpwa wangu kile cha kisima alikimaliza kwa siku mbili, akaanza kunisumbua nimtafutie kingine. Sikupata cha Kiswahili karibu, nikamwandikia mwenyewe kurasa sita juu ya Neema na mnara, nikazichapisha kwenye duka la fotokopi. Ndani ya mnara nikaweka roboti. Ukurasa wa kwanza hadi wa tano roboti ikageuka, ikasimama, ikafungua mlango. Ukurasa wa sita, Neema alipoitajia jina la babu, nikaandika: "Roboti akakaa chini."

Alikuwa anasoma kwa sauti kibarazani. Akanyamaza.

"Mjomba, hapa umekosea. Umeandika 'akakaa'. Roboti ni 'ikakaa'."

"Soma hivyohivyo."

Akausoma mpaka chini. Kisha akarudi juu, akauanza upya, safari hii bila sauti.